Saa Nne Usiku Nani Anaongea na Mlinzi?

Hii ni hotuba niliyoitoa kwa watangazaji vijana na wanafunzi wa uandishi wa habari hapa Dar es Salaam. Wengi walikosa nafasi wakaomba niiweke yote, kwahiyo hii hapa kama nilivyoiongea, zile picha za ukutani nimeziacha.

Wazee wangu mliotangulia kwenye kipaza sauti, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo? Mmeitikia kichovu, najua wengine mmetoka zamu ya usiku mmekuja hapa moja kwa moja, poleni sana na asanteni kwa kuja.

Nimeambiwa niongelee ushindani wa redio katika jiji hili. Mi nimekaa redioni zaidi ya miaka ishirini, nimeanza nikipokea simu za salamu, nikawa msaidizi wa prodyuza, nikatangaza, nikamaliza nikiwa meneja wa vipindi. Kwahiyo huu ushindani nimeuishi, nimewahi kukosa usingizi kwa sababu redio ya jirani imeanzisha kipindi kipya saa ileile ya kipindi chetu. Na kabla sijaanza nawauliza kitu kimoja. Tunaposema tunashindana, tunagombania nini?

(Ukumbini walijibu. Mmoja alisema matangazo, mwingine masafa, mwingine namba, dada mmoja nyuma akasema majina.)

Sawa. Matangazo, masafa, namba, majina. Mmesikia wenyewe? Hakuna aliyesema mtu. Sensa ya 2022 imehesabu watu 5,383,728 mkoa huu wa Dar es Salaam, watu milioni tano na zaidi, na katika majibu yote hayo hajatajwa hata mmoja. Basi mimi leo nitamuongelea huyo tu.

Turudi nyuma kidogo. Jiji hili lilianza na redio moja, Sauti ya Dar es Salaam, mwaka 1951, ikabadilika majina mpaka ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD, na miaka mingi sana ukifungua redio ni hiyo. Mazungumzo Baada ya Habari. Mama na Mwana. Pwagu na Pwaguzi. Mpira kwa sauti ya Ahmed Jongo mpaka unaona vumbi la uwanja. Muziki wa dansi, Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz, bendi zikirekodiwa palepale kwenye studio za RTD. Na matangazo ya vifo, jamani, matangazo ya vifo, mtu yuko Temeke anajua msiba wa Kigoma kwa sababu redio imesoma. Ilikuwa redio ya serikali, ina mipaka yake na wote tunaijua, kuna mambo hayakusemwa. Lakini mtoto alikuwa na saa yake, mkulima ana saa yake, mgonjwa aliyelazwa ana salamu zake. Redio moja ilijitahidi kugawana na watu wote.

Alafu ikaja sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikafungua mlango kwa watu binafsi, na 1994 Radio One ya marehemu mzee Reginald Mengi ikawa hewani. Sasa sikilizeni vizuri hapa. Radio One ilipata wapi watu? Haikumnyang'anya RTD yule mzee wa mazungumzo baada ya habari, yule alibaki na RTD yake. Walimchukua kijana wa mjini ambaye alikuwa anarap kwa Kiswahili vichochoroni, kina Kwanza Unit na wenzao, na redioni nafasi yao ilikuwa finyu sana. Wakampa muda. Mike Mhagama alikuwa pale na DJ Show, na mpaka leo ukiuliza jina bongo fleva limetoka wapi yeye ndo anatajwa sana. Yani muziki ambao leo unajaza viwanja ulianza na mtu mmoja studio kuamua kwamba hawa watoto nao ni wasikilizaji.

Ikaja Clouds. Kabla haijawa redio Clouds ilikuwa disko, Joseph Kusaga na wenzake walikuwa wanapiga muziki ukumbini, kwahiyo walikuja hewani wanamjua mtu anayecheza, wanajua akichoka anafananaje na akichangamka anafananaje. Wakaingiza Kiswahili cha mtaani kwenye kipaza sauti. Watu wazima tulilalamika, eti wanaharibu lugha. Tulilalamika wee, huku watoto wetu chumba cha pili wamefungulia hukohuko. Marehemu Ruge Mutahaba, aliyetutoka Februari 2019, alikuwa ameelewa jambo ambalo sisi wengine lilituchukua miaka, kwamba msikilizaji wa redio unamfuata alipo, ndo maana tamasha lao la Fiesta lilipakia jukwaa likaenda mikoani, na ndo maana ikawepo THT, Tanzania House of Talent, kufundisha vijana kuimba na kutumbuiza. Redio ikawa inalea muziki wake yenyewe. Walisemwa pia kwa nguvu hiyo, kwamba redio moja ikiwa na ufunguo wa nani apigwe na nani asipigwe wasanii wanaumia, na hayo malalamiko mi nasema yalikuwa na haki ya kusikilizwa. Lakini msikilizaji walimjua.

Nataka nikae zaidi kwenye mfano wa tatu maana huu niliuona kwa macho.

Mwaka 2014. Nilikuwa redio moja hapa mjini, sitaitaja. Tukaambiwa kuna redio mpya inakuja, EFM, 93.7, ya DJ Majizzo. Tukaitwa kikao. Bosi akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo, akasema soko limejaa, masafa yamejaa, matangazo ni yaleyale, hawa hawamalizi mwaka. Tukatikisa kichwa wote. Na kwa hesabu zilizokuwa mezani alikuwa sahihi kabisa.

Baada ya miezi nikaenda msibani Mbagala Rangi Tatu. Nimeshuka kwenye daladala natembea kwa miguu kuingia ndani ndani huko, duka la kwanza 93.7, kinyozi 93.7, mama anakaanga chapati 93.7, fundi baiskeli kaninginiza redio kwenye msumari, 93.7. Nikasimama. Nikamuuliza yule fundi, kaka, hii redio mmeipendea nini? Akaniangalia kama nimeuliza swali la ajabu, akasema, "Dada, hawa wanaongea na sisi."

Wanaongea na sisi. Nimefanya kazi na watu wenye digrii za masoko hakuna aliyewahi kunieleza biashara hii kwa maneno mafupi namna hiyo.

Walifanya nini? Walichukua singeli, ule muziki wa kasi wa uswahilini. Singeli ilikuwepo siku nyingi, Tandale, Manzese, Mburahati, kwenye vigodoro na shughuli za mtaani, mtoto wa mchiriku, spika zimepangwa barabarani na watoto wanarusha vumbi mpaka alfajiri. Kila meneja wa vipindi katika jiji hili alikuwa anaisikia akiwa anarudi nyumbani. Kila mmoja! Na mimi nikiwemo. Tulikuwa tunapandisha kioo cha gari. Wao wakaipeleka hewani, wakaenda baa kwa baa na burudani yao ya Muziki Mnene, wakagawa bodaboda na magari kwenye shindano la Shika Ndinga, na ile ndinga anashinda mtu mnayemjua mtaani, jirani, mnaenda kuishika kwa mkono. Miaka michache mbele singeli hiyohiyo inachezwa kwenye matamasha ya Ulaya. Soko halikuwa limejaa jamani. Lilikuwa limejaa upande mmoja, upande tuliokuwa tumesongamana sisi wote.

Mmeiona hiyo? Mara tatu katika jiji moja. Kijana wa kurap, kijana wa disko, mtu wa uswahilini. Mara zote tatu aliyekuja nyuma alipata watu kwa kumfuata yule ambaye waliotangulia walisema hana hela, hana adabu, hana maana.

Sasa tuje leo. Na hapa nitasema ukweli mnisamehe.

Wiki iliyopita nilifanya kitu kidogo. Saa moja kamili asubuhi niko kwenye foleni, nikaanza kuzungusha masafa, kwenda na kurudi. Redio ya kwanza wanasoma magazeti. Ya pili wanasoma magazeti, gazeti lilelile ukurasa uleule. Ya tatu mpira, usajili wa Simba. Ya nne mpira, usajili wa Simba, na mchambuzi anamjibu mchambuzi wa ile ya tatu. Ya tano kaswida. Ya sita mapambio. Ya saba mpira. Nikarudi saa tatu asubuhi, mpira. Saa kumi jioni, mpira. Mi naupenda mpira, mimi ni Yanga na wanaonijua wanajua, lakini nawauliza, mtu asiyependa mpira katika jiji hili amekwenda wapi? Kahama?

Kuna sababu, tena ni za kiuchumi, sisemi watu ni wavivu. Kampuni za kubashiri zina hela ya matangazo na zinataka kukaa karibu na mpira. Tangu 2017 SportPesa ilipowadhamini Simba na Yanga kwa pamoja mlango ule ulifunguka na haujafungwa. Mitandao ya simu nayo inataka palipo na kelele. Kipindi cha mpira ni rahisi kukiandaa, watu wanne, kipaza sauti, mabishano, masaa matatu yamekwisha, haihitaji mwandishi kwenda Kigamboni kuuliza kwanini maji hayatoki. Alafu kuna vipimo. Tafiti za wasikilizaji tumekuwa nazo muda, kampuni ilikuwa Steadman, ikawa Synovate, ikawa Ipsos, wakaja GeoPoll wanaouliza kwa meseji za simu. Sina ugomvi na utafiti, bila utafiti tungekuwa tunadanganyana tu. Ila utafiti unakwambia watu wamesikiliza nini kati ya vilivyopo. Kipindi ambacho hakipo hakina namba. Singeli mwaka 2013 ilikuwa na namba gani redioni? Sifuri. Ungepeleka kwa mdhamini karatasi yenye sifuri? Ndo maana hakuna aliyepeleka.

Na tukishafanana hivo tunagombania nini sasa? Tunagombania sura. Kununuana. Marehemu Dida, mtangazaji wa taarabu, Mungu amrehemu, alipotoka Times FM na mashabiki wake akaenda Wasafi FM, kina mama walimfuata, mi dada yangu alibadilisha redio siku hiyohiyo. Mtangazaji wa michezo Maulid Kitenge kahama EFM kwenda Wasafi mji mzima ukaongea. Mtangazaji kulipwa vizuri ni haki yake, tumekuwa maskini wenye majina makubwa muda mrefu sana kwenye hii kazi, kwahiyo anayepata dau zuri apokee kwa mikono miwili. Ninachosema kwa wenye redio ni kwamba ukinunua mtu na kumkalisha kwenye kipindi kilekile cha kila mtu, umelipa hela nyingi kuhamisha kiti. Sitakaa sana hapo.

Kuna jambo linaniuma zaidi.

Nina shangazi yangu anaishi Tandika, haoni. Macho yamezimika kwa presha ya macho kama miaka tisa sasa. Redio ndo dunia yake, ipo juu ya kabati la vyombo, anaamka nayo analala nayo. Siku moja nimemtembelea nikamkuta kaizima. Shangazi vipi, betri? Akasema hapana mwanangu, "siku hizi wananiambia niangalie." Sikuelewa. Akanieleza, mtangazaji anasema hebu angalia hii picha, anasema kama unavyoona hapa kapendeza huyu, anasema tazama anavyocheza, wanacheka studio nzima dakika mbili na hakuna anayesema kinachochekesha ni nini. "Mimi nasikia vicheko tu. Nimekaa kwenye sherehe ya watu."

Wadogo zangu, mmemsikia shangazi?

Tumeweka kamera studio. Najua kwanini, kipindi kinarushwa mtandaoni, klipu ya dakika moja inazunguka simu kwa simu, na klipu inalipa. Hata mimi ningekuwa meneja leo ningeweka kamera. Lakini tumeanza kuongea na kamera tukaacha kuongea na sikio. Na sio shangazi peke yake, dereva wa daladala haangalii, fundi cherehani haangalii, mama anayepika haangalii, hao ndo watu wetu! Hao ndo mikono yao ina kazi na masikio yako huru, redio iliumbwa kwa ajili yao. Mwenye mikono mitupu na macho ya bure ana simu, ana muziki wote wa dunia humo, ana mpira unaoonekana. Ukimgombania huyo kwa picha utashindana na simu, na simu hatuiwezi kwa picha. Dereva siku hizi asipopata redio ya maana anachomeka flashi tu, safari inaendelea. Kuna siku nimepanda daladala Gongo la Mboto mpaka Kariakoo, flashi mwanzo mwisho, nikamuuliza konda redio mbovu? Akasema redio nzima, "wanapiga kelele asubuhi asubuhi."

Sasa mtaniuliza, mama, haya ya kumfuata mtu asiye na hela nani atalipa umeme wa studio?

Swali zuri na sina jibu moja. Ila angalieni redio za dini ambazo sisi wa redio za biashara huwa tunaziruka kwenye mazungumzo kama vile hazipo. Radio Maria ya Wakatoliki haipigi matangazo ya biashara. Haina promo ya bia, haina ya kubashiri, inaendeshwa na watu wa kujitolea na michango ya wasikilizaji. Mama yangu mzazi, ambaye kunipa mimi nauli alikuwa anafikiria mara mbili, alikuwa anatenga elfu mbili elfu tatu anatuma kwa simu kila mwezi kabla hajanunua mchele. Nilimuuliza mbona unalipia kitu unachopata bure. Akasema usiku nikikosa usingizi wananisalisha rozari, nisipowachangia nani atanisalisha? Sisemi wote mgeuke redio ya dini. Nasema mtu maskini anatoa hela kwa redio akiamini ni yake, mimi nimeiona nyumbani kwetu.

Nimalizie na mlinzi, maana kichwa cha hotuba nimempa yeye.

Redio moja niliyofanya kazi, na hii pia sitaitaja, tulikuwa na kipindi saa nne usiku mpaka saa saba. Hakikuwa na jina kubwa. Kijana mmoja anapiga muziki wa taratibu, anasoma salamu, anataja saa kila baada ya robo saa, anauliza huko Masaki vipi, Mikocheni vipi, Ubungo kwenye magodauni kuna baridi? Walikuwa wanapiga walinzi. Walinzi wa majumba, wa maduka, wa shule. Na wauguzi wa zamu, na kina mama wanaokanda maandazi ya asubuhi. Siku moja mlinzi akapiga simu akasema nasikia mtu anaruka ukuta nyumba ya pili na simu ya bosi haipokelewi, kijana wetu akasema hewani majirani wa mtaa ule washeni taa. Wakawasha! Mtaa mzima, na yule mtu akakimbia. Hicho ni kipindi cha redio.

Kikao cha bajeti, idara ya matangazo wakasema walinzi hawanunui kitu, wadhamini hawawataki. Redio jirani ilikuwa imeanza kipindi cha DJ kuchanganya muziki usiku kinavuma. Tukaambiwa na sisi tuweke DJ. Nilikuwa meneja wa vipindi, saini ni yangu. Nilibisha dakika kumi, alafu nikasaini.

Baada ya wiki mbili nikaitwa mapokezi asubuhi, kuna mgeni. Nikamkuta mzee kavaa sare ya ulinzi, katoka zamu moja kwa moja, ametembea kutoka Msasani mpaka ofisini kwetu. Mkononi kashika redio ndogo ya betri imefungwa raba kwa sababu mfuniko umepotea. Nikamwamkia shikamoo baba. Marahaba. Akaniambia, "Binti, nimekuja kuuliza kama redio yangu imeharibika. Kila nikiweka mahali penu pale usiku yule kijana simpati."

Nikamwambia redio yako nzima baba. Sikuwa na neno lingine. Akanishukuru, akaondoka.

Miaka imepita mingi. Yule kijana sasa anauza vifaa vya umeme Kariakoo. Na mimi saa nne usiku bado huwa nazungusha masafa, mpaka juzi nimezungusha, nimekuta muziki umepangwa kwenye kompyuta, nimekuta marudio ya kipindi cha mpira cha asubuhi, nimekuta mahubiri. Leo mkitoka hapa mkifika nyumbani fungueni redio saa nne hiyohiyo mzungushe mwanzo mpaka mwisho, alafu kesho kwenye kikao chenu cha vipindi mwambieni meneja wenu mmemkuta nani anaongea na yule mzee.

Asanteni kwa kunisikiliza. Maswali nipo.